UZI: Poland, kila anayeshinda uchaguzi anaondoka na rimoti ya televisheni ya taifa

Mzee wa Antena (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa Ukraine kuna watu waliniomba nifafanue mambo ya vyombo vya habari vya Poland, maana kila wakisoma habari wanakutana na TVP (televisheni ya taifa), TVN (ya binafsi), Rais kagoma kusaini, mkurugenzi kafukuzwa, na hawajui nani ni nani. Nipo huku Łódź miaka mingi, Kipolandi nakisoma bila shida, na televisheni yao naitazama kuliko inavyofaa kwa afya. Nitamwaga kwa mafungu. Naombeni mnivumilie, wabishi mtapata zamu yenu.

Naanzia Jumatano ya tarehe 20 Desemba 2023. Serikali mpya ya Donald Tusk ilikuwa imeapishwa wiki moja kabla. Asubuhi, mida ya saa tano, chaneli ya habari ya serikali, TVP Info, ikakatika hewani. Ndani ya jengo la TVP pale Warsaw kulikuwa na wabunge wa PiS, chama kilichokuwa kimetoka madarakani, wamepiga kambi kuzuia uongozi mpya usiingie. Jarosław Kaczyński mwenyewe, mwenyekiti wao, alifika. Jioni saa moja na nusu, muda ambao taifa zima limezoea taarifa ya habari iitwayo Wiadomości, hakukuwa na Wiadomości. Akatokea mtangazaji Marek Czyż, peke yake, hana picha wala ripoti, akawaambia watazamaji leo hakuna taarifa ya habari, na kuanzia kesho mtapewa maji safi badala ya supu ya propaganda. Kesho yake kweli ikaja taarifa mpya, ikaitwa kwa saa yake tu: 19.30.

Wiadomości ilikuwa hewani tangu Novemba 1989. Na yenyewe ilizaliwa kuchukua nafasi ya taarifa ya enzi za wakomunisti, Dziennik Telewizyjny, ile ambayo Desemba 1981 sheria ya kijeshi ilipotangazwa, watangazaji wake walisoma habari wakiwa wamevaa magwanda ya jeshi. Kwa hiyo kwa Mpolandi wa makamo, taarifa ya habari kufa ghafla ni jambo analolielewa maana yake hata kabla hujamweleza.

Swali ninalotaka tulijadili hapa si nani mbaya, PiS au Tusk. Ni kwa nini kila anayeingia anakuta mlango wa TVP hauna kitasa, anapita, na akishapita hafungi kitasa.

---

Chambua_Kwanza

Nimeweka kambi. Lakini mkuu PiS walifanya nini hasa hadi watu wakashangilia chaneli kuzimwa? Maana chaneli kuzimwa ni chaneli kuzimwa.

---

Mzee wa Antena

Chambua, swali zuri, ila inabidi nirudi nyuma kidogo.

Sheria ya utangazaji ilipitishwa Desemba 1992. Ikaunda baraza linaloitwa KRRiT, ndilo linatoa leseni za redio na televisheni, kutoza faini, na zamani ndilo lilikuwa chanzo cha uongozi wa TVP na redio ya taifa. Katiba yao ya 1997 inalitaja kwa jina, kifungu cha 213: kazi yake ni kulinda uhuru wa kusema na haki ya kupata habari. Kwenye karatasi limekaa vizuri sana. Wajumbe wanateuliwa na Bunge, Seneti na Rais, kwa muda wa miaka sita, ili asiwepo mmoja wa kulishika lote.

Shida ni kwamba Bunge, Seneti na Rais wote ni wanasiasa, kwa hiyo baraza likawa kama ugavi wa nyama ya harusi: kila ukoo unajua kipande chake. Enzi za chama cha kushoto SLD, TVP ilikuwa yao. PiS walipoingia mara ya kwanza mwaka 2005, miezi michache tu ikapitishwa sheria ya kupunguza wajumbe kutoka tisa hadi watano, yaani wale tisa wote nje. Kisha wakagawana na washirika wao. Matokeo yake ni haya: mwishoni mwa 2008 hadi 2009 TVP ilikuwa inaongozwa na mtu wa LPR, chama ambacho uchaguzi wa 2007 kilikuwa hakikupata hata mbunge mmoja! Wananchi walishakikataa kwenye sanduku, lakini kinaendesha televisheni ya taifa. Hapo waziri mkuu alikuwa Tusk huyuhuyu, na alikuwa hawezi kufanya kitu maana Rais alikuwa Lech Kaczyński, pacha wa Jarosław.

Sasa 2015 PiS wakashinda kila kitu, Bunge, Seneti na Rais. Tarehe 7 Januari 2016 Rais Andrzej Duda akasaini kile kinachoitwa sheria ndogo ya vyombo vya habari. Uongozi wote wa TVP na redio ukafutwa, uteuzi ukahamia kwa waziri wa hazina. Siku hazikupita, akateuliwa Jacek Kurski. Huyu si mwandishi aliyependelea PiS, hapana, huyu ni mwanasiasa kabisa, aliwahi kuwa mbunge, jina lake la utani ni mbwa aina ya bull terrier wa akina Kaczyński. Juni 2016 wakaunda baraza jingine jipya, RMN, Baraza la Vyombo vya Taifa, watu watano, wengi wao wa PiS, ndilo likapewa kuteua na kufukuza. KRRiT ya kwenye katiba ikabaki na leseni na faini.

Desemba 2016 Mahakama ya Katiba ikasema kuiweka KRRiT pembeni kwenye uteuzi ni kinyume cha katiba. Hukumu ikawekwa kabatini. Shikeni hiyo hukumu, nitairudia.

---

shangazi_wa_Gdansk

Naomba niongezee kwenye swali la Chambua maana mimi nipo Gdańsk, nalea wazee, na nyumba tatu kati ya nne ninazofanyia kazi TVP ilikuwa haizimwi.

Nyie mnaosoma kwa mbali hamjui ile kitu inaitwa pasek. Ule mstari wa maandishi chini ya skrini. Kwingine unaandikwa "Waziri azungumza na madaktari". Kwa TVP ya Kurski ule mstari ndio ulikuwa hukumu yenyewe: wapinzani wanatetea maslahi ya wageni, serikali inaokoa familia, namna hiyo, kila siku. Ilifika mahali watu wakatengeneza tovuti ya kuchekesha, unaandika maneno yako yanatokea kwenye pasek ya TVP, na ukiiweka karibu na ya kweli hutofautishi.

Na Tusk walimfanyaje? Walikuwa na kipande cha hotuba yake anasema maneno mawili ya Kijerumani, "für Deutschland". Maneno mawili! Walikirudia kwenye ripoti za kila aina. Habari ni ya bei ya mkaa, katikati hicho kipande. Bibi mmoja ninayemlea alikuwa anaamini kabisa kwamba Tusk ni Mjerumani. Si mjinga, alikuwa mwalimu wa hesabu.

Tena sisi Gdańsk tuna kidonda chetu. Meya wetu Paweł Adamowicz alichomwa kisu jukwaani kwenye tamasha la hisani tarehe 13 Januari 2019, akafa kesho yake. Aliyemchoma alikuwa na matatizo yake, sisemi TVP ndiyo iliyoshika kisu. Nasema tu kwamba TVP ilikuwa imemwandama yule meya kwa muda mrefu, na watu wa huku hawajasahau.

---

Kaka_Mkubwa_KE

Bado nasoma lakini naona mnaelekea upande mmoja. Niwaulize: ni nchi gani nyingine kubwa ya Ulaya ambayo magazeti yake karibu yote ya mikoani yalikuwa ya kampuni moja ya nchi jirani? Verlagsgruppe Passau, Wajerumani, walikuwa na magazeti 20 kati ya 24 ya kila siku ya mikoani. Gazeti la udaku linalouzwa kuliko yote, Fakt, na tovuti kubwa ya Onet, ni kampuni ya Wajerumani na Waswisi, Ringier Axel Springer. Redio inayosikilizwa kuliko zote, RMF FM, ni ya Bauer, Wajerumani tena. TVN ni ya Wamarekani. Hii ni nchi ambayo ilikaliwa na Ujerumani, jamani. Kaczyński akisema tunataka vyombo virudi mikononi mwa Wapolandi, kuna kosa gani? Tungekuwa sisi tungesema hivyohivyo.

---

Mzee wa Antena

Kaka Mkubwa, nakubaliana na wewe kwenye takwimu na hata kwenye wasiwasi. Baada ya 1989 Wapolandi hawakuwa na mtaji, Wajerumani walikuwa nao, wakanunua. Hoja hiyo si ya kipuuzi na watu wa kushoto pia waliisema.

Lakini angalia walivyoirudisha hiyo mali nyumbani. Desemba 2020 Passau wakauza Polska Press yote: yale magazeti 20, majarida ya wiki yapatayo 120, tovuti kama 500. Mnunuzi nani? Orlen. Orlen ni kampuni ya mafuta! Unajaza petroli, unanunua hot dog, kumbe na gazeti la mkoa wako ni la mwenye pampu. Serikali ndiyo mwanahisa mwenye sauti Orlen, na bosi wake wakati ule, Daniel Obajtek, alikuwa kipenzi cha Kaczyński. Orlen hiyohiyo ilikuwa imeshachukua Ruch, mtandao wa vibanda vinavyouza magazeti. Kwa hiyo anachapa na anauza.

Adam Bodnar, aliyekuwa mtetezi wa haki za raia, akaenda mahakamani, mahakama ikaagiza ununuzi usimame kwanza Aprili 2021. Orlen wakaendelea kubadilisha wahariri wakuu kana kwamba hawakusoma barua. Mwaka 2022 rufaa ya mtetezi ikatupwa.

Kwa hiyo gazeti halikurudi kwa Wapolandi, lilirudi kwa chama. Na ushahidi ni kwamba serikali ilipobadilika, mwaka 2024 uongozi wa Polska Press nao ukabadilishwa. Mwenye gazeti ni yuleyule mwenye petroli, ila simu inatoka ofisi nyingine.

---

mtu_wa_kona

Ndiyo maana mimi nasema bora vya binafsi tu. Serikali ikae na barabara zake.

---

Mzee wa Antena

mtu_wa_kona, subiri nikupe kisa cha Rywin, kisha uniambie kama bado unasema hivyo.

Mwaka 2002 serikali ya SLD ilikuwa inaandika upya sheria ya utangazaji. Rasimu ilizuia kampuni yenye gazeti la nchi nzima kumiliki televisheni ya nchi nzima. Hapo aliyelengwa alikuwa Agora, wenye Gazeta Wyborcza, gazeti lililoanzishwa Mei 1989 na kuongozwa na Adam Michnik, na wenyewe walikuwa wanaitamani Polsat, televisheni binafsi. Julai 2002 mtayarishaji mkubwa wa filamu, Lew Rywin, akaingia ofisini kwa Michnik. Akamwambia sheria inaweza kurekebishwa ikawafaa, bei ni dola milioni 17.5, na kwamba anakuja kwa niaba ya kundi lenye madaraka. Michnik alikuwa amewasha kinasa sauti.

Gazeti likakaa na habari hiyo miezi mitano hivi likichunguza, likaichapa tarehe 27 Desemba 2002. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi, vikao vikarushwa mubashara, nchi nzima ikawa inatazama kama mechi. Katika kuchambua ikagundulika kwamba kwenye rasimu kuna maneno mawili yalinyofolewa, "au majarida". Ukiyaondoa, mwenye gazeti la kila siku anazuiwa kununua televisheni, lakini mwenye majarida anaruhusiwa. Nani aliyanyofoa, siku gani, kwa kompyuta ya nani, watu waliulizwa wiki kwa wiki. Mpaka leo mtu wa hapa ukimtajia "au majarida" anajua unazungumzia nini.

Rywin akafungwa. SLD ikaporomoka, waziri mkuu Leszek Miller akajiuzulu Mei 2004, na chama hicho hakijawahi kurudi kuwa kikubwa tena. Hilo pengo ndilo PiS na PO ya Tusk walilojaza, na wamelijaza hadi leo. Yaani siasa yote ya Poland unayoiona sasa, mzizi wake mmoja upo kwenye umiliki wa televisheni.

Polsat yenyewe imejengwa na Zygmunt Solorz, tajiri aliyeianzisha 1992. Alikusanya televisheni, kampuni ya simu ya Plus, umeme, na tovuti ya Interia. Mtu mwenye biashara za namna hiyo anahitaji vibali, leseni na masafa kutoka kwa kila serikali. Tazama taarifa yake ya habari utaona: haimchokozi sana mtu yeyote. Na mwaka 2024 watoto wake wakaanza kugombana naye nani arithi, kila soko la hisa linapofunguka watu wanaangalia familia imeamkaje. Binafsi nayo ina mwenyewe, mkuu.

---

binti_Ngarenaro

Mleta mada umesahau TVN, ndiyo niliyoifuata hapa. Nakumbuka 2021 kulikuwa na makelele hadi Marekani ikaingilia.

(Nje ya mada kidogo: kwetu Arusha pale Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi waliokuja ukimbizini wakati wa vita kuu ya pili. Babu yangu aliwahi kufanya kazi kambini. Ndiyo maana nafuatilia nchi yao.)

---

Mzee wa Antena

Binti, sijaisahau, nilikuwa naihifadhi maana ndiyo tamu yenyewe.

TVN ilianza 1997, TVN24 ikaja Agosti 2001 kama chaneli ya habari saa 24. Waanzilishi ni Wapolandi, Mariusz Walter na Jan Wejchert. Mwaka 2015 ikauzwa kwa Scripps ya Marekani, Scripps wakamezwa na Discovery 2018, na 2022 ikawa Warner Bros. Discovery. Chini ya PiS, TVN24 ndiyo ilikuwa mwiba. Desemba 2017 KRRiT iliitwanga faini ya karibu zloti milioni 1.5 kwa jinsi ilivyoripoti maandamano nje ya Bunge mwaka mmoja kabla. Wamarekani wakanuna, wiki chache baadaye faini ikafutwa.

Sasa leseni ya TVN24 ilikuwa inaisha tarehe 26 Septemba 2021. Waliomba kuongezewa tangu Februari 2020. KRRiT kimya. Mwaka ukapita, kimya. Hapo hapo bungeni ukaletwa muswada: mmiliki kutoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya asiwe na zaidi ya asilimia 49. Hakuna jina la TVN ndani yake, lakini hakuna mwingine wa ukubwa huo ambaye ulikuwa unamgusa. Watu wakauita Lex TVN, yaani sheria ya TVN.

Tarehe 11 Agosti 2021, sikieni hii. Wapinzani walileta hoja kikao kiahirishwe hadi Septemba, kura ikapigwa, wapinzani WAKASHINDA. Watu wakapiga makofi. Spika Elżbieta Witek akatangaza mapumziko, aliporudi akasema kura ile irudiwe. Wabunge wachache wa kikundi cha Paweł Kukiz waliokuwa wamepiga na upinzani wakasema walikosea. Kura ikarudiwa, PiS wakashinda, na usiku ule ule muswada ukapita 228 kwa 216. Nilikuwa naangalia na jirani yangu, mtu mpole sana, akarusha kiatu.

Seneti ikaukataa. Kimya miezi mitatu, watu wakadhani umekufa. Tarehe 17 Desemba, Ijumaa kabla ya Krismasi, kamati ikaitishwa ghafla na Bunge likapindua uamuzi wa Seneti siku hiyohiyo. Watu wakajaa mbele ya ikulu. Tarehe 27 Desemba Rais Duda, ambaye ni wa upande wa PiS, akaupiga veto.

Kilichonikaa mimi ni sababu alizotoa. Alitaja mkataba wa biashara kati ya Poland na Marekani wa mwaka 1990. Alizungumzia mikataba, heshima ya nchi, usalama. Kwa lugha nyingine, TVN haikuokolewa na sheria ya Poland wala na KRRiT. Iliokolewa na uraia wa mwenye hisa, na majeshi ya NATO yaliyokuwa yanahitajika mpakani. Ingekuwa bado ya Walter na Wejchert, nadhani ingekwisha.

Kaka Mkubwa, hilo halikuumizi kichwa? Wageni ulioona ni tatizo ndio waliokuwa ngao. Nami silifurahii, maana ngao hiyo si yako, anaiuza akitaka. Desemba 2024 Wamarekani walipoonekana kutaka kuuza, zikaanza tetesi za wanunuzi wa Hungary, na Tusk akatangaza kwamba TVN na Polsat zinaingizwa kwenye orodha ya makampuni nyeti ambayo hayauzwi bila serikali kukubali. Ona sasa! Serikali imepata ufunguo wa kuamua nani ainunue televisheni binafsi, na walioshangilia ni walewale waliopinga Lex TVN.

---

Kaka_Mkubwa_KE

Hapo umenena. Nimechukua hiyo ya ngao.

---

Mwanasheria_wa_Zamu

Nilikuwa nasoma kimya. Mleta mada naomba usiruke 2023 kwa sentensi moja ya Czyż na maji safi yake. Kisheria kile kitendo kina harufu.

RMN ilikuwa chombo kilichoundwa na sheria halali ya Bunge. Muhula wake wa pili ulianza 2022, yaani hadi 2028. Sheria inasema wao ndio wanateua. Bartłomiej Sienkiewicz, waziri wa utamaduni wa Tusk, aliwafukuza viongozi wa TVP, redio na shirika la habari PAP tarehe 19 Desemba bila RMN kuhusishwa. Alisimamia nini? Azimio la Bunge, ambalo si sheria. Hata Mfuko wa Helsinki wa Haki za Binadamu wa huko Warsaw, ambao kwa miaka minane uliwapigia PiS kelele, ulisema njia hii ina mashaka. Huwezi kurudisha utawala wa sheria kwa kuruka sheria.

---

Mzee wa Antena

Mwanasheria, karibu, na hoja yako siipingi, ila nieleze walivyojenga.

TVP kisheria ni kampuni ya hisa, na hisa zote ni za serikali. Sienkiewicz akasema: mimi ndiye mwakilishi wa mwenye hisa, natumia sheria ya makampuni, mwenye kampuni anafukuza bodi yake. RMN je? Hapo ndipo wakaitoa kabatini ile hukumu ya Desemba 2016 niliyowaambia mshike: kama kuitenga KRRiT kulikuwa kinyume cha katiba, basi RMN imekalia kiti kisicho chake. Njia ya kawaida ilikuwa kutunga sheria mpya, lakini sheria inahitaji saini ya Duda, na Duda asingesaini.

Tarehe 23 Desemba Duda akaonesha meno. Akapiga veto sheria iliyokuwa na zloti bilioni 3 za vyombo vya umma. Sienkiewicz hakulala: tarehe 27 akatangaza TVP, redio na PAP zimeingia kwenye ufilisi. Si kwamba zinafungwa, ni mbinu. Kampuni ikiwa kwenye ufilisi inaongozwa na mfilisi, na mfilisi anateuliwa na mwenye hisa. RMN haina cha kusema. Mahakama ya usajili ikakataa kwanza kuisajili bodi mpya Januari 2024, halafu ufilisi wenyewe ukasajiliwa Aprili. Mahakama ya Katiba, iliyojaa majaji wa PiS, ikasema haiwezekani. Serikali ikasema hatuwatambui.

Na upande wa pili nao hawakukaa bure. KRRiT, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Maciej Świrski wa kambi ya PiS, ikazuia pesa za ada ya televisheni zisiende TVP moja kwa moja, ikazipeleka kuwekwa mahakamani. Faini nazo hazikusimama: mwaka 2024 TVN ikatozwa zloti 550,000 kwa makala ya uchunguzi kuhusu Papa Yohane Paulo II na mapadri waliodhulumu watoto.

Kwa hiyo mwaka 2024 ulikuwa na televisheni ya taifa ambayo kisheria inafilisika, inatangaza kila siku, inalipwa na bajeti, na mdhibiti wake anaishikia mshahara. Wafilisi wengi hufunga duka. Hawa wanarusha mashindano ya kuruka kwa ski.

---

Chambua_Kwanza

😂😂 Haya sasa pesa. Hizo bilioni zinatoka wapi na nani anapanga?

---

Mzee wa Antena

Pesa ndiyo kamba yenyewe. Kuna ada ya televisheni, abonament, ila wengi hawalipi, kwa hiyo kila mwaka wanajaziwa na bajeti. Mwaka 2020 ilikuwa karibu zloti bilioni 2, mwaka 2023, mwaka wa uchaguzi, ikafika bilioni 2.7. Ile ya 2020 upinzani ulisema hizo pesa ziende kutibu saratani. Duda akakubali kusaini kwa sharti Kurski aondoke. Kurski akaondoka Machi. Agosti, uchaguzi wa rais ukiwa umekwisha na Duda kashinda, Kurski huyo karudi kwenye kiti. Waangalizi wa uchaguzi wa OSCE, shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, waliandika wazi kwamba TVP ilikuwa chombo cha kampeni cha rais aliyeko madarakani.

Na vya binafsi wakaletewa kodi ya matangazo. Tarehe 10 Februari 2021 wote wakazima: televisheni, redio, tovuti, kurasa za mbele za magazeti, nyeusi tii kwa siku nzima. Muswada ukarudi kabatini.

---

mtu_wa_kona

Kwa hiyo sasa hivi TVP ni safi?

---

shangazi_wa_Gdansk

Mimi nijibu hilo. Pasek za matusi zimekwisha, hilo ni kweli, unapumua. Lakini 19.30 inaipenda serikali, tusidanganyane. Waziri akikosea anaulizwa kwa upole, PiS akikosea anaulizwa kwa nguvu. Kabla ya uchaguzi wa rais, Aprili 2025, kulikuwa na mdahalo kule Końskie ambao mgombea wa chama cha Tusk, Rafał Trzaskowski, aliutaka, na TVP ikaingia kuurusha pamoja na TVN na Polsat. Watu wakauliza, mdahalo huu ni wa nani, wa mgombea au wa televisheni ya umma? TV Republika, chaneli binafsi ya upande wa PiS, nayo ikaweka wa kwake uwanjani mji uleule, jioni ileile.

Na yule bibi yangu mwalimu wa hesabu? Amehamia Republika. Danuta Holecka, yule mtangazaji mkubwa wa Wiadomości, yupo huko, sauti ileile, nywele zilezile. Asubuhi anaanza na Radio Maryja ya Padri Rydzyk, ipo tangu 1991, haina matangazo ya biashara, inaishi kwa sadaka. Kwa hiyo walivyofukuzwa TVP hawakupotea, walihama na wasikilizaji wao.

---

Mwanasheria_wa_Zamu

Na kwenye orodha ya uhuru wa habari ya RSF, wale Waandishi Wasio na Mipaka? Maana ndiyo kila mtu anaitupia.

---

Mzee wa Antena

Mwaka 2015 walikuwa wa 18. Mwaka 2022 wakawa wa 66. Mwaka 2025 wamerudi hadi 31. Inasaidia kuona mwelekeo, lakini haikwambii kama kitasa kimewekwa. Hakijawekwa. Umoja wa Ulaya una sheria yake ya uhuru wa vyombo vya habari iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 8 Agosti 2025, inataka wakuu wa vyombo vya umma wateuliwe kwa utaratibu wa wazi na wasifukuzwe ovyo. Poland inatakiwa ibadilishe sheria zake zifanane na hiyo. Lakini Juni 2025 uchaguzi wa rais alishinda Karol Nawrocki, mtu aliyeungwa mkono na PiS, kwa asilimia 50.89. Saini ni yake sasa. Na nikuulize, wewe ni Tusk, una mfilisi unayemteua mwenyewe bila kuuliza mtu, utakuwa na haraka gani ya kupeleka muswada wa kumpa mtu mwingine madaraka hayo? Na wewe ni PiS, unaamini 2027 unarudi, utataka akukabidhi TVP yenye kitasa?

---

binti_Ngarenaro

Mkuu swali la mwisho halafu nilale. Wewe mwenyewe unalipa hiyo abonament?

---

Mzee wa Antena

Nalipa, binti. Zloti 27.30 kwa mwezi mwaka 2024, unasajili kifaa posta. Sheria inasema ukiwa na televisheni inayoweza kuwaka, unahesabiwa unaitumia, hata kama umeifunika kitambaa. Mwenye nyumba wangu kapita miaka 75, yeye kasamehewa, na ndiye anayetazama kutwa nzima. Wapangaji wenzangu wananicheka, wanasema mgeni peke yako ndiye unayelipia televisheni ya Wapolandi.